Vidoti vinavyong'aa kwenye plagi: rudisha taiming kwanza

Umeuliza kuhusu vidoti vinavyong'aa kwenye kauri (ile sehemu nyeupe) ya plagi baada ya kupiga naitrasi, gesi ya kuongeza nguvu ya injini, ya farasi 150. Hivyo ni alumini ya pistoni zako. Usikimbie tena kabla hujapunguza taiming, yaani kuchelewesha cheche ya plagi, hata kama gari linaonekana kuwa na nguvu.

Naitrasi ikipata joto huachia oksijeni nyingi, mchanganyiko unaungua haraka, na presha inafika kileleni mapema kuliko ulivyopanga. Kanuni ya kuanzia ni kurudisha digrii 2 kwa kila farasi 50. Kwa hiyo kama bila naitrasi unatumia digrii 36 kabla pistoni haijafika juu, anza na 30.

Kisha soma ule ukono wa chuma uliojipinda juu ya kauri. Joto huacha mstari pale rangi inapobadilika. Mstari huo ukiwa karibu na ncha ya ukono, taiming imechelewa. Ukishuka kuelekea shina, imetangulia mno. Mimi huutaka kwenye kona ya mpindo, na nikikosea, heri ukae upande wa ncha. Kiasi cha petroli hukisomi hapo, kinasomwa chini kabisa ndani, pale kauri inapoingia kwenye chuma.

Plagi ziwe mpya na "baridi" (zinazotoa joto haraka) kuliko za kawaida kwa hatua moja au mbili. Ukivuka mstari wa kumalizia mbio zima injini palepale, gari livutwe. Ukirudi huku injini inanguruma, masizi ya injini kunguruma taratibu yatafunika alama zote kwenye plagi. Na kagua silinda zote, maana moja tu ikikosa petroli, pistoni imekwenda.