Choo cha Baba kilitangulia mkono

Baba yangu anashona kofia za mkono, zile za vitobo vidogo vidogo ambazo kofia moja inakula hata miezi, na mimi nimekua nikimuona barazani kwetu hapa Lamu na sindano mkononi tangu alasiri mpaka magharibi. Kwa hiyo sisi ugonjwa wake wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, tuliuona kwanza kwenye kofia. Vitobo vya upande mmoja vikaanza kupinda, halafu kidole gumba cha kulia kikawa kinacheza chenyewe mkono ukiwa umelala pajani. Tukasema ni uzee, jirani mmoja akasema ni jicho, mwingine akatwambia tumtafute mtu wa kumsomea, mwaka mzima ukaenda hivyo.

Lakini nikikaa nikahesabu vizuri, maradhi hayakuanzia mkononi, yalianzia tumboni. Tangu niko darasa la sita Mama alikuwa anamchemshia Baba sanamaki kila Alhamisi usiku kwa sababu choo kilikuwa kinamfunga siku nne, siku tano, na hakuna aliyewahi kumwambia daktari maana jamani nani anapanda boti mpaka hospitali kwenda kuongea habari za choo? Halafu pua ikafa. Udi unafukizwa chumbani yeye hasikii kitu, na siku moja alikula samaki ambaye sisi wote tulishamkimbia kwa harufu. Usiku akawa anapiga mateke na kelele usingizini mpaka Mama akahamia kitanda cha pili. Yote hayo miaka na miaka, na kila moja tulilichukua peke yake.

Daktari wa mishipa ya fahamu tuliyemfikia Mombasa aliuliza habari za choo kabla hata hajamwambia Baba anyooshe mkono. Nikashangaa, nikaanza kusoma. Kumbe James Parkinson mwenyewe, daktari wa Uingereza aliyeuandika ugonjwa huu mwaka 1817, alishaona wagonjwa wake choo kinawasumbua. Mwaka 2003 Heiko Braak wa Ujerumani na wenzake wakatoa wazo kwamba kwa baadhi ya watu huenda ugonjwa unaanzia kwenye neva za utumbo, kuna protini inaitwa alfa-sinukleini ikijikunja vibaya inagandamana, halafu inapanda taratibu kwa neva ya vagasi inayounganisha tumbo na ubongo mpaka inafikia chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kujongea. Si kwa wagonjwa wote, wengine inaonekana unaanzia juu, ubongoni.

Na habari ya uvimbe ndiyo iliyonishika zaidi. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliotoka 2018 ulikuta watu wenye maradhi ya kuvimba utumbo, yaani Crohn na kolaitisi ya vidonda, wanapata Parkinson kwa asilimia 28 zaidi ya wengine, na kati yao waliotibiwa kwa dawa za kuzuia TNF, yaani protini ya mwili inayochochea uvimbe, ikapungua kwa asilimia 78 ukilinganisha na ambao hawakuzitumia. Hizo ni dawa nzito za watu wenye maradhi hayo, msije mkazitafuta za kujikinga. Ila kama una mtu anaharisha damu au tumbo linamkata miezi, usimwache na dawa za dukani, uvimbe wa utumbo unatibiwa.

Tuelewane pia, kufunga choo peke yake si Parkinson. Wengi ni maji kidogo na kukaa sana. Mimi nasema choo kikifunga miaka, pua ikafa, usingizi ukawa wa ngumi na mateke, yapeleke yote matatu kwa daktari siku moja, kwa pamoja.

Na kwa aliyekwishaanza dawa, choo ndiyo kazi ya kwanza. Levodopa, dawa kuu ya Parkinson inayogeuka dopamini ubongoni, inaingia mwilini kupitia utumbo mdogo, tumbo likilala na dawa inachelewa. Baba siku za choo kigumu alikuwa anaganda mlangoni, mguu hauvuki kizingiti. Sasa asubuhi ni papai na maji, jioni anatembea mpaka ukutani mwa bahari na kurudi, na kuna unga wa kulainisha aliopewa na daktari badala ya ile sanamaki ya kila wiki. Kidonge anameza nusu saa kabla ya kula, kwa sababu protini inagombania njia na dawa, na kwetu mchana bila samaki si mchana, basi ilibidi Mama abadilishe saa za chakula.

Jambo moja liliniumiza sana. Zahanati moja ilimpa metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, alipokuwa anatapika, akakakamaa siku mbili hata kijiko hakishiki. Dawa hiyo inazuia dopamini, mgonjwa wa Parkinson hapewi. Liandike jina hilo kwenye cheti chake. Na Ramadhani isije ikamfanya aache vidonge ghafla, ni hatari kweli, muulizeni daktari mapema na shekhe pia.

Mimi naweka daftari: choo lini, kidonge saa ngapi, miguu imeganda saa ngapi. Safari ya mwisho daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akabadilisha wakati wa kidonge cha mchana kwa saa moja tu, na wiki hiyo hiyo Baba akaniita barazani, "Ndoo unitilie uzi." Sindano alishika mwenyewe.