Maswali ya Wasomaji: Mwigizaji, Msanii au Mhusika?

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu wa jukwaani au wa filamu aitweje? Tumechagua tano.

Ndugu wahariri, tunaandaa bango la mchezo wa shule. Mwenzangu ameandika "muigizaji", mimi nasema "mwigizaji". Nani yuko sahihi? (Mwalimu, Morogoro)

Mwalimu, bango liandikwe mwigizaji. Kiambishi mu- kikikutana na a, e au i hugeuka mw-: mwandishi, mwezeshaji, mwimbaji. Mbele ya u hubaki kama kilivyo, ndiyo maana tuna muuzaji na muuguzi. "Muigizaji" imeenea kwenye magazeti na redio, na msomaji haipotezi maana, ila kamusi sanifu zinaorodhesha mwigizaji, na bango la shule ni mahali pa kufuata kamusi. Wingi ni waigizaji. Usivutwe na mwizi/wezi ukaandika "wegizaji". I ya shina haimezwi hapa, kama isivyomezwa katika waimbaji.

Angalieni pia msiandike mwigaji. Huyo anatokana na kuiga: anayefuatisha sauti ya kiongozi fulani au mlio wa ndege. Mwigizaji anatokana na kuigiza.

Ninaandika habari za burudani. Ili nisirudie "mwigizaji" kila mstari, huchanganya na "msanii", "mchezaji" na "nyota". Mhariri wangu hunifutia. Kwa nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa sababu maneno hayo hayalingani, ndugu yetu, na msomaji wako anaona picha nyingine kila unapobadilisha.

Msanii ni pana mno. Kwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania, anaingia mchoraji wa Tingatinga, mchonga vinyago, mpiga zeze na mwigizaji. Mtaani Tanzania limebana: ukiandika "Msanii apata ajali", wengi watafikiria mwanamuziki wa Bongo Fleva. Tena "kufanya usanii" siku hizi ni kuwazuga watu, kwa hiyo sentensi kama "usanii wake umewashangaza mashabiki" inaweza kusomeka kama tusi. Utaratibu unaofaa ni kutaja fani kwanza, "mwigizaji wa filamu fulani", kisha aya zinazofuata umwite msanii huyo. Ukianza na msanii, aya nzima ya kwanza inasomwa vibaya.

Mchezaji lilikuwa na nguvu zamani, enzi za michezo ya redio, na bado tunasema mchezo wa kuigiza. Lakini Simba na Yanga wamelichukua neno. Likiwa peke yake ni mtu wa mpira, au wa ngoma. Ukilitaka, litumie bila -ji na utaje kinachochezwa: mcheza filamu, mcheza sinema, kama tusemavyo mpiga picha. Ukiacha -ji, lazima kitu kifuate. Ukiiweka, unahitaji "wa": mchezaji wa filamu. "Mchezaji filamu" haiko huku wala kule.

Nyota na staa ni sifa, si kazi. Aliyeonekana mara moja akipita na ndoo nyuma ya sini si nyota, hata kama ni binamu wa mtayarishaji. Na kwa kuwa anayetajwa ni mtu, upatanisho ni wa mtu: nyota huyu amewasili, nyota wa filamu. "Nyota ya filamu" tuiachie mbingu. Vijiweni kuna stelingi pia, yule shujaa wa filamu za mapigano asiyekufa; lina raha yake, lakini linamtaja shujaa ndani ya hadithi zaidi ya mtu aliyeajiriwa kumwigiza.

Na wakati mwingine dawa ni ndogo zaidi: tumia jina lake, au kiambishi a- tu. Kitenzi cha Kiswahili kinambeba mtenda ndani yake, huhitaji kisawe kila sentensi.

Gazeti liliandika "Mhusika maarufu wa runinga afariki". Ni sawa? (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Mhusika yumo ndani ya hadithi. Mwigizaji ana kitambulisho na familia. Ojwang Hatari wa kipindi cha Vitimbi alikuwa mhusika, mzee mwenye lafudhi ya Kijaluo. Aliyemwigiza, Benson Wanjau, aliyefariki 2015, hakuwa Mjaluo. Lafudhi ilikuwa kazi yake. Waigizaji wenyewe husema "kuvaa uhusika", na kinachovaliwa huvuliwa.

Usichanganye hilo na jina la kisanii. King Majuto, aliyefariki 2018, lilikuwa jina la kisanii la Amri Athumani, akilitumia katika filamu na nje yake.

Kwenye orodha ya mwisho wa filamu, weka safu mbili, Wahusika na Waigizaji, jina moja likabili jingine. Mhusika anaweza kuwa sungura. Safu ya pili haina sungura.

Je, kuna neno la mwigizaji mwanamke? (Msomaji, Mombasa)

Mwigizaji. Ikibidi kutofautisha, kwa mfano kwenye tuzo, andika mwigizaji wa kike na, kwa haki, mwigizaji wa kiume.

Kwenye vibanda vya video, yule anayetutafsiria filamu za nje, naye ni mwigizaji? (Msomaji, Mwanza)

Mtaani anaitwa DJ. Uganda wanamwita VJ. Anasema kwa niaba ya wote kwa sauti moja, anaeleza yasiyosemwa, anatia utani juu ya sauti ya asili. Kazi yake inamkaribia zaidi mtambaji wa hadithi, ambaye vitabu vya fasihi simulizi humwita fanani. Mwandike msimulizi au mtafsiri wa filamu.

Tamthilia za runinga zilizoingizwa sauti za Kiswahili ni jambo jingine. Kule kila mhusika ana mtu wake, maneno yanapimwa yalingane na midomo, na kilio kinaliliwa kweli mbele ya maikrofoni. Hao ni waigizaji wa sauti. Orodha yao iwekwe chini ya kichwa "Sauti za Kiswahili", mbali na waigizaji wanaoonekana, na jina la mhusika litangulie.