Hapakuwa na kiongozi, mpango ulikuwapo

Swali lenu la wiki hii lauliza kama harakati za kisiasa hujengwa mtandaoni au mtaani. Mimi ni Mkenya, na nikilisoma nawaza Juni 2024 tu, mwezi wa maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha.

Wengi husimulia mwezi ule kana kwamba heshitegi ndiyo iliyojaza barabara za Nairobi. Mimi nasema kusoma kulitangulia. Mswada huo wa kodi za serikali ulipotua bungeni, vijana waliuchambua kifungu baada ya kifungu: VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwa mkate, kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, na mengine mengi. Wakaufafanua kwenye TikTok kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani. Kuna hata aliyeunda programu ya akili unde ya kujibu maswali kuhusu mswada. Mtu akishajua mkate wake utapandishwa bei na nani, na kwa kifungu kipi, hangoji kubembelezwa atoke. Juni 18, siku ya maandamano ya kwanza, kodi ya mkate iliondolewa. Watu hawakurudi nyumbani. Walikuwa wameusoma mswada wote.

Juni 25 wabunge waliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia bungeni, risasi zikalia. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Kufikia Julai 1, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Hao ni watoto wa watu, na kila tunapozungumzia ushindi wa mtandao tuwataje kwanza.

Sasa jiulizeni nani aliwatafuta waliokamatwa. Mawakili, kupitia chama chao, walizunguka vituo vya polisi. Wahudumu wa afya walijitolea kutibu majeruhi. Michango ya hospitali na mazishi ilipita kwenye simu. Na vile vituo vya haki za kijamii vya mitaa ya Nairobi kama Mathare na Kayole, na kwingineko, ambavyo kwa miaka vimekuwa vikiandika mauaji ya polisi mitaani mwao, tayari vilijua pa kumtafuta mtu aliyepotea na namna ya kuwasimamia jamaa zake. Maarifa hayo hayakupatikana kwa wiki moja. Jioni ya Juni 25 intaneti ilididimia nchi nzima, lakini jirani aliyekuwa na nambari ya wakili bado alikuwa na nambari ya wakili.

Kutokuwa na kiongozi kulisaidia sana. Tulishaona Machi 2018 jinsi Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, na kiongozi wa upinzani, Raila Odinga, walivyosalimiana na upinzani ukayeyuka. Safari hii hapakuwa na mtu wa kuitwa Ikulu. Ila mswada ulipokufa, madai yalitawanyika: huyu anataka Rais ajiuzulu, yule anataka ufisadi ushughulikiwe kwanza. Rais alipoingia kwenye mjadala wa sauti kwenye mtandao wa X Julai 5, kila aliyeuliza aliuliza kwa niaba yake mwenyewe. Hapakuwa na kikao kilichowatuma. Mwezi huohuo wanasiasa wa chama kikuu cha upinzani wakateuliwa mawaziri, na wale vijana wakabaki bila meza ya kuamulia watajibu vipi.

Hiyo meza haiundwi kwa simu. Inaundwa katika wodi, yale maeneo madogo ya uchaguzi, na watu wanaojuana kwa sura. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika bajeti, na makadirio hufika bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha Juni 30. Miezi hiyo miwili mara nyingi hupita ukumbi wa wananchi kutoa maoni ukiwa mtupu, diwani na wapambe wake wakiitikiana. Ningependa vijana walioutafsiri mswada wa 2024 waujaze ukumbi huo katika wodi zao, wakiwa na nakala ya bajeti mkononi na msemaji waliyemchagua wenyewe, ambaye wanaweza pia kumwondoa.