Skonzi za buibui na popo: kwa nini zinapoteza sura zikiingia ovenini

SWALI: Shikamoo mama. Niko Chumbageni, Tanga, napika skonzi za mdalasini kwa oda. Kuna mteja watoto wake wanasoma na wenzao waliotoka nje, na tarehe 31 Oktoba wanafanya sherehe ya Halloween, ile ya kuvaa na kupamba vitu vya kutisha. Ameniagiza skonzi za kutisha: buibui, popo, na mumia wa Misri waliozungushiwa vitambaa. Nimejaribu, lakini zikiingia ovenini zina sura nzuri na zikitoka ni mabonge. Miguu ya buibui imeungua, vitambaa vya mumia vimeshikana vikawa kitu kimoja, sukari ya mdalasini imevujia kwenye trei ikaganda kama kashata, na utando wa buibui niliouchora kwa aisingi, ile sukari ya kupambia, umeteremka wote pembeni. Nyeusi nayo imetoka kijivu. Natumia unga nusu kilo, hamira kijiko kikubwa kimoja, maziwa ya uvuguvugu na yai moja. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kutaja hamira na maziwa, maana sehemu kubwa ya jibu iko hapo. Donge lako lina joto mno na linaumuka haraka mno, na donge la namna hiyo halishiki umbo lolote, hata ulikate kwa ustadi gani.

Mapishi haya yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Halloween ilikwenda Marekani na wahamiaji wa Ireland na Scotland, na huko mwisho wa Oktoba baridi imeshaanza kuuma. Mpishi wa huko anahangaika kutafuta pembe yenye joto ili donge liumuke, ndiyo maana anakuambia maziwa ya uvuguvugu na hamira ya kutosha. Tanga mwezi huo joto la mchana linakaribia nyuzi 30, na jikoni penye oveni inayowaka linapita hapo. Ukifuata maelezo yake neno kwa neno, hamira inafanya kazi ya saa nzima kwa nusu saa, nyuzinyuzi za unga zinalegea, na skonzi inafura kila upande kabla joto la oveni halijaikamata.

Donge tamu linataka kutoka kwenye kukandwa likiwa na nyuzi 24 hadi 26. Waokaji wana hesabu nyepesi ya kulifikisha hapo. Chukua 25, zidisha kwa 3, unapata 75. Toa joto la unga, tuseme 30, kisha toa joto la chumba, 30 nyingine. Inabaki 15. Mikono nayo inaongeza joto kidogo unapokanda, kwa hiyo maziwa yako yawe na nyuzi 12 hivi. Hayo ni maziwa yaliyotoka kwenye friji yakakaa mezani dakika chache, mbali kabisa na uvuguvugu. Usihofu kwamba hamira itakufa kwa baridi. Baridi inaipunguza kasi tu, kinachoiua ni joto la kuanzia nyuzi 55 hivi kwenda juu.

Hamira nayo punguza. Kijiko kikubwa cha hamira ya chenga ni karibu gramu 9, na kwa unga nusu kilo katika joto letu gramu 4 zinatosha, yaani kijiko cha chai kimoja na robo. Vingine vipime hivi: maziwa mililita 210, yai moja, sukari gramu 60, siagi gramu 60, chumvi gramu 8. Donge litakuwa gumu kuliko ulivyozoea, na ndivyo tunavyotaka. Usiongeze maziwa ukiona linakushinda dakika za mwanzo. Endelea kukanda hadi dakika 10 au 12, litalainika lenyewe. Upande wa unga, soma nyuma ya pakiti palipoandikwa protini. Ukipata wenye gramu 11 au 12 kwa kila gramu 100, chukua huo. Wenye gramu 9 unafaa keki, lakini skonzi ya umbo utakulegea.

Likishaumuka mara moja na kuongezeka maradufu, litoe hewa kwa kiganja, lifunike vizuri, uliweke kwenye friji saa mbili au usiku kucha. Hatua hii usiiruke. Donge la baridi linasukumika bila kurudi nyuma, linakatika bila kubonyea, na siagi ya ndani haiyeyuki mikononi mwako. Kabla ya kusukuma, kata robo yake uirudishe kwenye friji, ndiyo itakayokuwa vitambaa, mabawa na miguu. Robo tatu zilizobaki sukuma upate mstatili wa sentimita 40 kwa 30, unene wa nusu sentimita.

Sasa ile sukari iliyovuja. Siagi ukiiyeyusha kabla ya kupaka, inatafuta njia ya kutoka na kubeba sukari yote. Changanya siagi laini gramu 50, sukari ya kahawia gramu 100, mdalasini kijiko kikubwa kimoja na nusu, na unga wa ngano kijiko kikubwa kimoja, hadi upate uji mzito unaopakika kwa kisu. Huo unga mchache ndio unaokunywa maji ya sukari inapoyeyuka. Pambizo ya mwisho iache sentimita mbili bila kupaka, ndipo pa kugandishia. Wewe uko karibu na Muheza, mdalasini wa Amani unaupata wa magome. Usage mwenyewe na uchuje, harufu yake ni nyingine kabisa. Ila usiutie ndani ya donge. Mafuta ya mdalasini yanaibana hamira isifanye kazi, kwa hiyo mahali pake ni kwenye mjazo.

Viringisha bila kukaza sana, maana ukikaza, katikati ya skonzi inachomoza juu na mgongo wa buibui unakuwa mlima. Kisu nacho kiweke kando. Chukua uzi mrefu wa kushonea, mweupe na safi, upitishe chini ya gogo la donge, inua ncha zake mbili, zipishanishe juu, kisha vuta kila ncha upande wake. Uzi unakata kutoka pande zote kwa pamoja na duara linabaki duara. Kata vipande vya sentimita tatu, na mkia wa kila kipande ukunje uuweke chini.

Kuumuka kwa mara ya pili ndiko kunakoharibu kazi ya watu wengi hapa kwetu. Skonzi za kawaida unaziacha ziongezeke maradufu. Hizi zisimamishe zikishaongezeka nusu tu. Bonyeza pembeni kwa kidole kilichopakwa unga. Alama ikirudi polepole na kubakiza kishimo kidogo, peleka ovenini. Isiporudi kabisa, umechelewa. Saa usiitegemee, maana siku ya mawingu na siku ya jua kali hazilingani.

Ile robo uliyoiweka akiba iongezee unga vijiko viwili vikubwa, uikande upya iwe ngumu, halafu isukume nyembamba, milimita tatu. Kwa mumia, kata utepe wa upana wa sentimita moja, na uulaze juu ya skonzi dakika ile ile unayoipeleka ovenini, kwa mishazari, ukiacha nafasi baina ya utepe na utepe. Ncha zake zifiche chini. Vyako vilishikana kwa sababu uliviweka mapema vikaumuka pamoja na skonzi. Macho ni zabibu kavu mbili zilizolowekwa maji dakika 10, ukizisukuma ndani hasa, maana zikikaa juujuu zinaungua.

Miguu ya buibui na mabawa ya popo usivioke pamoja na mwili. Mwili unahitaji dakika 22 hadi 25 kwa nyuzi 180, miguu myembamba imeshaiva dakika ya nane. Ioke kwenye trei yake, iliyopindwa kidogo kwenye goti, iache ikauke kabisa, halafu toboa skonzi iliyopoa kwa kijiti cha meno na uichomeke minne kila upande. Ni minane, usipunguze, watoto watahesabu! Bawa la popo likate na matao matatu upande wa chini. Mtoto wa Tanga aliyefika Mapango ya Amboni anamjua popo vizuri, bawa la mviringo hatalikubali.

Kama unaoka kwa mkaa, sufuria ndani ya sufuria, inawezekana pia. Moto wa chini uwe kidogo, unaopalia juu uwe mwingi kiasi, na dakika 15 za mwanzo usifunue.

Kuhusu mumia nina neno moja. Mji wetu una adabu zake, na skonzi iliyozungushiwa vitambaa vyeupe, machoni pa mzee aliyezika karibuni, inaweza kuonekana sanda. Muulize mteja nani watakuwepo. Ukiona kuna wasiwasi, ongeza buibui na popo, mumia waache, wala sherehe haitapungua kitu.

Aisingi iliteremka kwa sababu skonzi ilikuwa bado na joto. Weka kiganja chini ya skonzi, siyo juu, na kama chini bado kuna uvuguvugu, subiri. Kwa sukari ya aisingi gramu 200 anza na maziwa kijiko kikubwa kimoja na nusu, ongeza matone tu. Ukiinua kijiko, uzi unaoanguka ubaki ukionekana kama sekunde 10 kabla haujazama. Nyeusi usiianze na nyeupe, ndiyo maana ilikutokea kijivu. Anza na sukari ya aisingi gramu 150 na kakao vijiko viwili vikubwa, upate kahawia iliyokolea, ndipo utie rangi nyeusi nzito ya jeli, kidogo. Ifunike ilale, asubuhi itakuwa imekoza. Utando wenyewe unachorwa nyeupe ikiwa mbichi: zungusha duara tatu nyeusi juu yake, kisha vuta kijiti cha meno kutoka katikati kwenda nje mara nane, ukikifuta kila mara.

Ukitaka damu, usinunue rangi. Chemsha choya kavu kikombe kimoja kwa maji kikombe kimoja hadi ibaki robo, ichuje, ipoe, uitie kwenye sukari ya aisingi badala ya maziwa pamoja na matone ya ndimu. Uchachu ndio unaoshika wekundu wake. Ikikutana na magadi au baking powder nyingi inageuka zambarau chafu, kwa hiyo usiipeleke ndani ya donge.

Zikishapambwa ziache mezani, feni iwe mbali, hadi aisingi ikauke juu. Friji usiikaribie tena, maana zikitoka humo zinatoa jasho na utando wote unachuruzika. Oka asubuhi ya tarehe 31 yenyewe. Miguu na mabawa vibebe kwenye kopo kavu lenye kifuniko, uvichomeke ukiwa umeshafika kwa mteja. Vikilala na skonzi vinavuta unyevu na kulegea.