Maswali na majibu: "Dhiizaa", na ugonjwa wa kusaka maneno kwa sikio

Dhiizaa ni nini hasa? Tafsiri niliyonayo imeandika "dhuluma" tu. (Tanga)

Neno hili limo katika Suratun Najm, aya ya 22, na halikurudi tena popote ndani ya Qur'ani. Washirikina wa Makka wanasutwa: nyinyi mjichukulie watoto wa kiume, Mwenyezi Mungu mumpe wa kike? Basi huo ni mgawanyo "dhiizaa". "Dhuluma" si kosa, ila ni kapu kubwa mno; mwizi wa ng'ombe naye ni dhalimu. Mzizi huu (ض ي ز) umelenga fungu la mtu. Waarabu husema "dhaazahu haqqahu", yaani alimpunja haki yake. Nasi tunalo hilohilo *punja*, la muuza mchele mwenye kopo lililobonyezwa kitako. Kwa nini wafasiri wetu wanalionea haya?

Nimemsikia msomaji akitia hamza (mkato wa kooni), "dhi'zaa". Kakosea? (Mombasa)

Hakukosea. Ndicho kisomo cha Ibn Kathir. Na kabla hamjaniandikia tena: huyu ni Ibn Kathir wa Makka, mmoja wa wasomaji saba ambao visomo vyao vya Qur'ani vinafuatwa, aliyefariki mwaka 120 Hijria. Ibn Kathir mwenye tafsiri alifariki mwaka 774. Nimechoka na barua zinazowafanya mtu mmoja. Huku kwetu masikio yamezoea Hafs, kisomo cha misahafu yetu mingi, basi kila kisicho Hafs tunakiita kosa.

Mzizi wenye hamza (ض أ ز) maana yake ni ileile. Wanalugha wametaja pia "dhu'zaa" na "dha'zaa" katika lahaja, lakini hayo yaacheni vitabuni, msiyapeleke kwenye sala. Ama "dhiizaa", wengi wao wanasema asili yake ni "dhuyzaa", kwa wazani (umbo la neno) wa fu'laa, kwa sababu wazani wa fi'laa Waarabu hawakuuzoea katika maneno ya sifa. Dhumma (irabu ya "u") ikageuzwa kasra (irabu ya "i") ili herufi yaa isalimike, kama walivyosema "biidh" (weupe) wakaacha "buydh".

Je, ndiyo asili ya "dhiki" yetu? (Unguja)

Siyo. Mzizi wa dhiki unaishia kwa qaf (ق), wa dhiizaa kwa zay (ز). Swali hili huja kila mara kwa sura mpya, na chanzo ni kimoja: dh yetu imemeza herufi tatu. Ardhi ni ض, dhuluma ni ظ, dhahabu ni ذ. Asiyeniandikia herufi zenyewe simjibu tena.

Nimepekua kamusi ya Kiarabu, Lisan al-Arab, kwenye dhad (ض), sikuliona neno hili. (Lamu)

Lisan imepangwa kwa herufi ya mwisho ya mzizi. Fungua mlango wa zay. Jirani yake utamkuta "dhaaza, yadhuuzu", mwenye herufi waw (و) mahali pa yaa, yaani kutafuna mdomo umejaa. Huyo usimwingize kwenye aya. Nimeshasikia darsa nzima ikijengwa juu yake.

Nataka kumwita binti yangu Dhiza. Lasikika vizuri, na limo katika Qur'ani. (Dar es Salaam)

Firauni naye yumo.