Jibu: Watoto wale nini njiani Dar hadi Moshi?

Dada, umeuliza uwape nini watoto watatu njiani Dar hadi Moshi badala ya chipsi na soda. Sisi hupita njia hiyo kila Desemba.

Usiku nachemsha mayai na viazi vitamu, naviacha vipoe kabisa ndipo nafunika. Ukivifunika vya moto vinatoa jasho na kuchacha mapema. Mayai tunayamaliza kabla ya Chalinze, hayangoji jua la mchana. Ndizi na karanga nakaa nazo miguuni, si kwenye buti. Machungwa nanunua Segera, yakiwa na maganda yake, namenya mwenyewe kwa kisu nilichotoka nacho nyumbani.

Mchana tunashuka Korogwe, tunakaa mezani: wali, maharage na mchicha, vikitoka jikoni vya moto.

Tafadhali usiwanyime maji kwa kuogopa kusimama simama. Mwaka mmoja niliwabania, na mwanangu wa pili akafika Same midomo imekauka, analia kichwa. Iliniuma sana. Sasa kila mtoto ana chupa yake, na tunasimama kila wakiomba.

Yule anayetapika mpe mkate mkavu kidogo kidogo, mafuta asiguse.