Maswali na majibu: Gofu la Dürnstein na malenga aliyeimba chini ya ukuta

Toleo lililopita tuligusia Dürnstein, ngome iliyobaki gofu juu ya jabali kando ya mto Danube nchini Austria, alikofungwa Richard Moyo wa Simba, mfalme wa Uingereza. Maswali yamekuja mengi, haya hapa baadhi yake.

Richard na Waaustria walipigana upande mmoja katika Vita vya Msalaba. Iweje wamfunge?

Chanzo ni bendera. Mji wa Akka, huko Palestina, ulipotekwa Julai 1191, Leopold wa Tano, mtawala wa Austria, alisimamisha bendera yake ukutani pamoja na za wafalme wa Uingereza na Ufaransa. Watu wa Richard wakaing'oa na kuitupa chini. Leopold alirudi kwao na kinyongo.

Oktoba 1192, baada ya kupatana na Salahuddin, sultani wa Waislamu, Richard naye akaanza safari ya kurudi. Chombo chake kikavunjika pwani ya Adriatic, ikambidi apite nchi kavu kwa kujificha, tena katika ardhi ya Leopold yule yule aliyevunjiwa heshima. Alikamatwa Erdberg, nje kidogo ya Vienna, siku chache kabla ya Krismasi. Mwandishi mmoja wa zama zile anasema aliyemponza ni kijana wake wa kazi, aliyekwenda sokoni na glavu za mfalme kachomeka kiunoni.

Nimesikia malenga Blondel ndiye aliyemgundua kwa wimbo. Ni kweli?

Hadithi yenyewe ni tamu, basi niisimulie kwanza. Inasemekana hakuna aliyejua mfalme yuko wapi. Blondel, malenga na rafiki yake, akazunguka nchi za Kijerumani, ngome baada ya ngome, akiimba wimbo waliokuwa wakiujua wao wawili tu. Alipofika chini ya jabali la Dürnstein akaimba ubeti wa kwanza, akanyamaza. Kutoka juu dirishani sauti ikamwitikia ubeti wa pili.

Blondel wa Nesle alikuwepo kweli, na tungo zake zipo. Ila kisa hiki kiliandikwa Reims, Ufaransa, mnamo 1260 hivi, wahusika wote wameshakufa. Wala kifungo hakikuwa siri: mwisho wa Desemba 1192 Kaisari Heinrich wa Sita, mtawala wa Ujerumani, alimwandikia mfalme wa Ufaransa kwa furaha kwamba Richard amenaswa, na habari ikafika Uingereza. Waliotumwa kumtafuta ni wakuu wawili wa monasteri, wa Boxley na wa Robertsbridge. Walimkuta Machi 1193 huko Ochsenfurt, Ujerumani, akipelekwa kwa Kaisari. Walisafiri mwendo mrefu wakati wa baridi bila uhakika wa kumwona, na naumia kwamba hakuna aliyewatungia hata ubeti mmoja.

Lakini sikubali wanaosema hadithi nzima ni uzushi mtupu. Richard alitunga wimbo akiwa kifungoni, na upo mpaka leo. Analalamika humo kwamba ana marafiki wengi, ila majira mawili ya baridi yamepita na hajakombolewa. Wimbo ulikuwepo, basi. Tofauti ni kwamba aliyeimba ni mfungwa, na aliyengojea kuitikiwa ni yeye.

Alikombolewa kwa kiasi gani?

Marki 150,000 za fedha (marki ilikuwa kipimo cha uzito), na 100,000 zilitakiwa kabla hajaachiwa. Hizo peke yake ni zaidi ya tani 20. Nasema fedha yenyewe, madini. Mama yake, Eleanor, alisimamia ukusanyaji. Watu walitozwa robo ya mapato na mali zao, makanisa yakatoa vyombo vya fedha, na watawa wa Cistercian, waliokuwa wafugaji wa kondoo, wakatoa sufu yao ya mwaka mzima. Richard aliachiwa tarehe 4 Februari 1194.

Fungu la Leopold katika fidia hiyo lilijenga, pamoja na mengine, kuta za mji wa Wiener Neustadt. Papa alimtenga na Kanisa kwa kumfunga mpiganaji wa msalaba, na mwisho wa mwaka huo huo farasi alimwangukia, mguu ukasagika, akafa.

Nani aliibomoa ngome?

Wanajeshi wa Sweden, mwaka 1645, katika Vita vya Miaka Thelathini. Haikujengwa tena.

Kuna ngome nyingine ya namna hiyo karibu?

Ipo Aggstein, ng'ambo ya mto, juu zaidi. Wenyeji husimulia kwamba bwana wake wa karne ya 15, Jörg Scheck, aliwatoa mateka kwenye ukingo mwembamba wa mwamba na kuwafungia mlango nyuma: wafe njaa au wajirushe. Ukingo huo unaitwa Kibustani cha Mawaridi, na jina hilo linanitisha kuliko kisa chenyewe.

Niko Vienna kwa masomo. Nafikaje Dürnstein?

Panda treni hadi Krems, kisha basi, au boti majira ya joto. Kutoka mjini unapanda kwa miguu. Njia ni kali na ya mawe, vaa viatu imara. Fuata ukuta wa zamani unaoshuka kutoka ngomeni hadi mjini. Ukiwa chini yake simama kidogo, utazame juu, uone sauti ya mtu ingepanda umbali gani.